Mtugawie na Miche Yenye Maua

Barua ya wazi kwa wakuu wa misitu na wakuu wa kilimo, Pemba
Nakala: masheha wa shehia zote za Kaskazini na Kusini Pemba

Waheshimiwa,



Naandika kuomba jambo moja. Masika yanapokaribia, vitalu vya serikali hutoa miche nasi wakulima hwenda kuichukua: mikarafuu ya kujazia mashamba, mikeshia ya kuni na ya kujengea, mivinje ya kukinga upepo wa pwani. Naomba kando ya miche hiyo muweke na miche ya miti yenye maua ya kumlisha chozi. Simsemei chozi yeyote. Namsemea chozi wa Pemba, ndege ambaye Mwenyezi Mungu hakumjaalia Unguja, wala Tanga, wala Mombasa, wala pahala pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hiki na vijisiwa vinavyokizunguka.

Mnamjua, hata kama hamjapata kumtazama vizuri. Ni ndege mdogo, urefu wake kama sentimita 10 tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na mdomo wenyewe mwembamba umepinda kwenda chini. Dume ukimwona kivulini utasema ni mweusi. Akitokeza juani, kichwa na mgongo huwaka kijani, na kifua huingia zambarau. Rangi ile haikupakwa kwenye unyoya. Inatokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa kuuvunja mwanga na kuurudisha, ndiyo maana akigeuka kidogo tu huzimika. Jike hana makeke hayo: mgongo wa kijivu, tumbo la manjano hafifu, na mara nyingi watu humdhania ni ndege mwengine kabisa. Kazi yao kutwa ni kuzunguka maua, kuingiza ulimi mrefu ndani yake na kunyonya mbochi, yale maji matamu yaliyojificha chini ya ua. Baina ya ua na ua hukamata buibui na vidudu vidogo, na hivyo ndivyo wanavyowapa makinda yao. Kiota chao ni kifuko kilichofumwa kwa nyasi, majani makavu na utando wa buibui, kimening'inia ncha ya tawi, na mlango wake upo ubavuni.

Wataalamu wamemjua zamani. Mwaka 1905 Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin alimwandika kwa jina la Cinnyris pembae, na baadaye maofisa wa zama za Waingereza Zanzibar, Vaughan na Pakenham, wakamtia katika orodha zao za ndege wa Unguja na Pemba. Basi ni zaidi ya miaka 100 sasa tangu jina la kisiwa chetu liandikwe juu ya ndege huyu katika vitabu vya walimwengu. Mtalii anayekuja msitu wa Ngezi na darubini shingoni humtaja kabla hajashuka garini. Lakini ingia skuli yoyote hapa kwetu, uulize ni ndege gani wa Pemba asiyepatikana pengine. Watoto watakutajia karafuu.

Siwalaumu watoto. Hakuna aliyewaambia kwa nini Pemba ni Pemba. Unguja ilikuwa imeshikana na bara mpaka zama za karibu, kama miaka 10,000 iliyopita, bahari ilipopanda baada ya barafu za dunia kuyeyuka. Ndiyo maana wanyama wa Unguja wengi wana ndugu zao bara. Pemba haiko hivyo. Mkondo unaotutenganisha na Tanga una kina cha zaidi ya mita 700, na kisiwa chetu kimekaa peke yake kwa muda unaohesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Kilichofika hapa kimebadilika kikawa cha hapa. Ndiyo tukawa na aina nne za ndege wasiopatikana pengine: chozi huyu, ninga wetu wa kijani, bundi mdogo anayelia usiku Ngezi, na yule ndege wa manjano mwenye pete nyeupe machoni. Ndiyo tukawa na popo wetu na mti wetu wa mpapindi. Kwa kisiwa chenye kilomita za mraba zipatazo 980, hiyo ni neema kubwa.

Sasa niseme kuhusu karafuu, maana ndiko ombi langu linakoanzia, na sitaki nieleweke kuwa naisema vibaya. Karafuu imenisomesha. Imejenga nyumba nyingi za hapa, imepeleka watu Makka, imewatolea mahari vijana wasiokuwa na kitu. Ilikuja Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na baada ya dhoruba ya Aprili 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobakia na mzigo wa dunia mabegani. Vilima vikafyekwa, misitu ikaondoka, na walioifyeka wengi walikuwa watu waliotiwa utumwani. Kile kisiwa ambacho Waarabu wa kale walikiita Al-Khadhra, cha kijani, kikabaki cha kijani, lakini ni kijani cha mti mmoja.

Mti huo una tabia moja ambayo sisi tunaouchuma tunaijua vyema, ila hatukai tukafikiri maana yake kwa wengine wanaoishi juani pamoja nasi. Karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Tunaichuma ingali imefumba, inapoanza kushika wekundu, na likifunguka ua hilo limeharibika kwa soko. Kwa hivyo mkarafuu uliotunzwa vizuri na kuchumwa vizuri ni mti ambao kwa mwaka mzima karibu haufungui ua. Machache yanayosahauliwa vileleni hufunguka na nyuki huyafikia, lakini mchumaji hodari hasahau, na bwana shamba humsifu kwa hilo. Tuchukue vilima vyote vya kisiwa, tuvijaze mti huo mmoja, tuuchume sawasawa: tutapata majamvi yaliyojaa karafuu, na ndege anayekula maua atakuwa hana hata ua moja.

Mbona basi hakufa? Hili ndilo swali ninalotaka mkae nalo, kwa sababu jibu lake limo mikononi mwenu. Msitu ulipofyekwa karne ya 19, chozi angeweza kutoweka. Hakutoweka kwa sababu mkulima wa Kipemba hakupanda karafuu peke yake. Baina ya mikarafuu alisimamisha minazi. Mabondeni akapanda migomba. Kando ya nyumba akaweka mtufaa, mzambarau, mchungwa, mfenesi, msufi wa kutolea sufi za magodoro. Mashamba yale yalikuwa mchanganyiko, hayana mistari, na wataalamu waliokuja baadaye waliyasema kuwa ni ya ovyo. Katika ovyo ule chozi alipata msitu wa pili.

Tazameni mnazi peke yake. Mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi, mwaka mzima, masika na kiangazi, na kila karara likipasuka hutoa maua kwa maelfu. Hakuna mti mwengine hapa Pemba unaofungua maua kwa utaratibu kama huo. Chozi anaweza kukosa mgomba unaozaa, anaweza kufika msimu ambao michungwa imemaliza kuchanua, lakini penye minazi kadhaa hakosi hata siku moja pa kwenda. Ua la mgomba nalo, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, huinua ganda moja baada ya jengine na kila ganda lina mbochi wake. Nimekaa chini ya migomba yangu asubuhi nikamwona chozi anarudi kwenye ua lile lile tena na tena mpaka jua likawa kali. Anajua ganda lipi limeinuka usiku.

Mtufaa na mzambarau ni ndugu wa mkarafuu, wa ukoo mmoja kabisa kwa hesabu za wataalamu wa mimea. Tofauti ni kwamba ndugu hawa wawili tunangoja matunda yao, kwa hivyo tunawaacha wachanue. Mtufaa ukichanua ardhi yote chini yake hugeuka zambarau kwa nyuzi za maua zinazodondoka, na juu kunakuwa na vurugu ya nyuki, vipepeo na chozi.

Msitu huu wa pili ndio unaopungua, na unapungua kimya kimya kwa sababu haumo katika ramani ya hifadhi yoyote. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta Pemba watu wapatao 407,000. Ya mwaka 2022 ilitukuta zaidi ya 543,000. Alhamdulillahi kwa kizazi, lakini kizazi kinataka pa kulala. Zile eka tatu ambazo familia nyingi zilipewa baada ya Mapinduzi ya 1964 sasa zimegawanywa kwa watoto na wajukuu, na kila aliyepata kipande amejenga. Minazi mikongwe inaangushwa kwa ajili ya mbao, na mimi sina cha kumwambia mtu anayeangusha mnazi wake ili apaue nyumba yake. Msufi hautakiwi tena kwani godoro la sponji linauzwa mjini. Uwani tunamwaga saruji, kwa sababu uwa wa saruji ni safi na mvua haileti tope. Kila mmoja wetu ana sababu yake njema. Ukizijumlisha, ndege anayelazimika kula kutwa nzima anakuta kila mwaka safari ya kutoka ua hadi ua imekuwa ndefu zaidi.

Tunapopanda upya ndipo nyinyi mnapoingia. Mvinje hupelekewa chavua na upepo; ua lake halina haja ya ndege wala halimwekei chochote. Mkeshia unakua haraka, unatupa kuni, unaupunguzia Ngezi mzigo wa mashoka, na kwa hilo nawashukuru wazi wazi. Lakini vimaua vyake vidogo ni vya wadudu. Mkarafuu nimekwisha usema. Kwa hivyo kampeni yetu ya kupanda miti, ambayo tunaitangaza redioni na tunaifanya kwa moyo, inaweza kufanikiwa kwa asilimia mia, kila mche ukashika, kila kilima kikafunikwa, na chozi wa Pemba asipate mti hata mmoja.

Hata mikokoni ni vivyo hivyo, na hapa niruhusuni nikae kidogo, maana jambo hili ni zuri na nimegundua wengi hawalijui. Tunaposema mikoko tunachanganya miti mingi: mkoko wenyewe wenye mizizi ya magongo, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, na msinzi. Mkoko wenyewe huutegemea upepo zaidi. Msinzi una ndege. Ua la msinzi ni kubwa, linaangalia chini, kikombe chake ni kigumu na mara nyingi kina wekundu, na ndani yake muna mbochi wa kutosha kumshibisha chozi. Kila petali imejikunja na kufungia ndani yake vishina viwili vyenye chavua, vimebanwa kama mtego uliotegwa. Ua hukaa hivyo likingoja. Chozi anapoingiza mdomo na kuigusa petali chini, mtego unafyatuka, petali inapasuka, na vumbi la chavua linamrukia usoni. Anakwenda ua jengine na uso wake wa manjano, na hapo msinzi umeoana na msinzi. Kisha mbegu yake huanza kuota ingali juu ya mti, inakuwa ndefu kama sigara nene, hudondoka na kujichoma topeni au kuchukuliwa na maji ya kujaa.

Boriti za msinzi zimejenga nyumba za pwani hii tangu enzi za majahazi. Samaki na kaa wa mikokoni ndio kitoweo cha shehia nyingi za magharibi mwa kisiwa. Na ua la mti huo limeumbwa kwa ajili ya mdomo wa ndege. Hapa Pemba, chozi wetu ana mdomo huo. Hata hivyo tunapokwenda kupanda mikokoni kwa vikundi, tumevaa fulana za kampeni, mara nyingi tunachomeka mkoko wenyewe tu, kwa kuwa mbegu zake ni ndefu, nyepesi kuokota na zinashika haraka. Msinzi nao unachomekwa vile vile, hautaki kitalu wala mfuko. Unataka mtu wa kusema tu kwamba na huu uchomekwe, upande wa nyuma ambako maji ya kujaa hayafiki kwa nguvu.

Najua jawabu ambalo baadhi yenu mtakuwa nalo mdomoni. Chozi ni wengi. Utawaona Chake, utawaona Wete, utawaona hata kijisiwa cha Misali. Wanaotunga orodha za dunia za viumbe walio hatarini wamemtia kundi la wasiotia wasiwasi. Yote hayo ni kweli, na ndiyo furaha yangu. Lakini mtu hula akiba yake akiwa nayo? Ndege anayeishi nchi kumi akipungua katika nchi moja bado ana tisa. Huyu ana kisiwa kimoja. Wingi wake wote ni wingi wa hapa, na ukianza kushuka hapana pa kumrejesha kutoka. Kwa kima punju wake, Unguja haikungoja: Jozani na Ghuba ya Chwaka ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na leo jina lake liko kwenye kila kijitabu cha watalii. Miaka ya 1970 baadhi ya kima hao waliletwa hata huku Ngezi ili wapate makazi ya pili. Tuliweza kumfikiria mnyama wa Unguja kiasi hicho. Chozi ni wetu wenyewe.

Na tunaweza. Nawakumbusha popo. Mwaka 1989 popo wa Pemba waliohesabiwa walikuwa wachache mno, maana walikuwa wakiwindwa kwa bunduki na kwa nyavu, na miti mikubwa waliyolala ilikuwa ikikatwa. Watu wa nje waliokuja walidhani wanaandika habari ya kiumbe anayekwisha. Idara yenu ya misitu, pamoja na shirika la Fauna & Flora International na, zaidi ya wote, watu wa vijiji wenyewe, walikaa wakazungumza. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kulinda miti wanamolala popo. Walimu wakaingiza habari hiyo madarasani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 popo walihesabiwa zaidi ya 20,000. Leo ukienda Kidike unalipa kiingilio kwa kijiji, unaambiwa punguza sauti, na unaona miti imejaa popo kama matunda meusi. Huyo ni mnyama ambaye watu walikuwa wakimla, na wengine wakimwogopa. Chozi hana adui kati yetu. Kazi kwake ni nyepesi zaidi, na popo mwenyewe atanufaika nayo, kwani msufi ukichanua usiku popo hunywa mbochi, na asubuhi chozi huja kumalizia.

Sasa Ngezi. Msitu ule, pamoja na Msitu Mkuu na Ras Kiuyu, ndio vipande vya Pemba ya zamani tulivyosaziwa. Ngezi ni zaidi ya hekta 1,400, yaani kama kilomita za mraba 14 katika zile 980. Humo muna mjoho, muna msufi mwitu uliopanda juu kuliko kila kitu, muna mpapindi. Walinzi wake wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache, na baadhi ya mabwana misitu wa huko ni watu ninaowaheshimu kuliko wanavyojua. Ombi langu halitaki Ngezi ifungwe zaidi kuliko ilivyofungwa. Linataka Ngezi itoke nje. Mbegu zinazodondoka mule chini ya miti ziokotwe, kwa idhini yenu na kwa mikono ya vijana wa Makangale na Konde wanaouzunguka msitu, ziatikwe katika vitalu vyenu, na kila mkulima anayechukua miche 20 ya mkarafuu apewe na miche miwili mitatu ya kupanda mpakani mwa shamba lake. Sisemi ing'olewe mikarafuu. Mpaka wa shamba hauchumwi karafuu; wengi wetu tumeuacha na magugu.

Miti yenyewe sina haja ya kuwafundisha, mnaijua kuliko mimi. Msufi, mtufaa na mzambarau kwa anayetaka kitu cha kula au cha kuuza. Mnazi mfupi kwa mwenye kiwanja kidogo, na kwa kila mnazi mkongwe unaoangushwa kwa mbao sheha amuulize mwenyewe, kwa upole, amepanda wapi mwengine. Msinzi kwa vikundi vya mikokoni. Miti ya Ngezi kwa kingo za barabara mpya, ambako upanuzi umeondoa miembe na misufi iliyokuwa kivuli cha wapita njia tangu babu zetu. Kwa akina mama ambao uwani kwao pamekwisha tiwa saruji, hata migomba miwili nyuma ya jiko, penye maji ya kuoshea vyombo, ni kitu kikubwa kwa ndege wa sentimita 10.

Kwa walimu naomba kidogo tu. Vijana wetu bado wanatega ndege kwa ulimbo wa utomvu wa mfenesi, na chozi hunasa kirahisi kwa kuwa hurejea tawi lile lile. Hawafanyi kwa ubaya. Kwao ni mchezo, kama ilivyokuwa kwetu. Mwalimu akiwachukua siku moja chini ya mgomba wa skuli, akawaonesha dume juani, akawaambia kwamba mtoto wa Dar es Salaam, wa Nairobi, wa London, hawezi kumwona ndege huyu mpaka aje Pemba, sidhani kama wengi watarudi kwenye ulimbo. Kisha wafundishwe kumhesabu: skuli moja, njia moja, saa moja ya asubuhi, mara moja kila msimu, na daftari linalobaki kabatini darasa likihama. Baada ya miaka mitano nyinyi wakuu mtakuwa na hesabu iliyotoka kila shehia, kwa gharama ya penseli.

Waheshimiwa, sufi hupasuka kiangazi na mbegu zake hupeperuka. Zisipookotwa wakati huo zimekwenda. Matufaa yana msimu wake na mbegu yake haikai muda mrefu bila kuatikwa. Mkitaka miche iwe tayari kwa masika yajayo, maelekezo yafike kwenye vitalu kabla kiangazi hakijakaza, na mabwana na mabibi shamba waambiwe mapema ili wapite mashambani kuandikisha wanaotaka. Mimi niandikieni wa kwanza. Nina mpaka wa hatua nyingi upande wa bondeni, maji yapo karibu, na watoto wangu wamekubali kumwagilia. Nina jirani saba ambao wameniambia nao wamo, na mmoja wao ana mtufaa mkubwa ambao mbegu zake atazitoa bure kwa kitalu kitakachozitaka.

Wenu katika ujenzi wa kisiwa chetu,

Mkulima wa karafuu,
Mkoa wa Kaskazini Pemba